Websaiti ya gesti Lamu na Malindi: umpe nani kazi, na ujipange vipi kabla ya kufungua

Kila masika ikishika, Aprili mpaka Juni, hoteli nyingi za Malindi na Watamu zikafunga na Shela kule Lamu ikapoa, ndo simu huanza kulia. "Ndugu yangu, nataka websaiti kabla msimu haujarudi, nimpe nani?" Basi naandika hapa mara moja, niwe natuma linki tu.

Nitapanga njia tano za kupata websaiti, kuanzia ile naipenda mpaka ile nakuomba uikimbie. Rangi na picha za kurukaruka sizihesabu sana, swali langu huwa moja: siku ya kufungua websaiti kikiharibika kitu saa tatu usiku, utampigia nani akapokea, na paswadi ziko kwa nani? Ukilijibu hilo vizuri hata websaiti ya bei ndogo itakufaa, ukishindwa kulijibu hata ile ya laki tatu itakuliza.

Namba moja: fundi wa hapa pwani, WordPress, kila kitu kwa jina lako

Malindi na Mombasa wako vijana wanaijua hii kazi, na Lamu kwenyewe wapo, ni vile tu hawajitangazi. WordPress ni programu ya kujengea websaiti, ipo tangu 2003, yenyewe ni ya bure, na raha yake ni kwamba fundi wako akipata kazi Qatar kesho unatafuta mwengine na anaendelea pale mwenzake alipoachia, manake wanaoijua ni wengi mno.

Lakini hapa kwenye domeni, yaani jina la websaiti yako, ndo watu huliwa, kwa hivyo nisikilize. Majina yote ya .ke yako chini ya KeNIC, shirika linaloyasimamia, nayo huuzwa na makampuni mengi yaliyosajiliwa, na .co.ke ni kama shilingi elfu moja hivi kwa mwaka, hii si pesa ya kumwachia mtu mwengine akulipie. Kaa na fundi kwenye baraza, fungua akaunti kwa imeili yako mwenyewe, namba ya simu yako, lipa kwa M-Pesa yako, afu yeye umpe ruhusa ya kuingia kufanya kazi. Akikwambia "usijali bosi, mimi ntasajili kila kitu, wewe nitumie tu pesa", hapo anza kujali. Kuna nyumba Shela mwenyewe na fundi walikosana, jina likaisha muda likiwa kwa akaunti ya fundi, watu wa kamari wakalichukua, na sasa mgeni akibonyeza linki ya zamani anakaribishwa na kasino badala ya vitanda vya Kiamu.

Hostingi nayo, pale websaiti inapokaa, usiangalie bei ya mwaka wa kwanza, hio ni chambo. Uliza mwaka wa pili ni ngapi. Uliza pia bakapu, ile nakala ya akiba, inachukuliwa kila siku ama kila wiki, na ukitaka kurudisha ya jana unalipia ama ni bure. Cheti cha usalama, kile cha kufuli kwenye braoza, usikubali kuuziwa kama kitu cha anasa kwa gesti ndogo, Let's Encrypt wanatoa bure na hostingi nyingi hujiwekea zenyewe.

Malipo gawa mara tatu. Theluthi ya kwanza arbuni, ya pili ukiona websaiti nzima kwenye anwani ya majaribio, ya tatu wiki mbili baada ya kufunguliwa, sio siku ya kufunguliwa. Fundi mzuri hatakasirika, kwa sababu anajua zile wiki mbili ndo vitu huibuka.

Namba mbili: ujitengenezee kwa Wix ama Squarespace

Ukiwa na nyumba moja, vyumba vinne, picha nzuri na binti nyumbani anayeshinda kwenye simu, hii inatosha kabisa na siku ya kufungua haina presha, unabonyeza tu. Shida ni mbili. Unalipa kwa kadi kwa dola, mwezi ama mwaka, na kadi ikikataa na wewe uko arusini Faza hujui, websaiti inaweza kulala. Halafu Wix huwezi kuibeba ukahamia kwingine, domeni unaondoka nayo ila kurasa zenyewe unajenga upya. Ndo maana nimeiweka ya pili.

Namba tatu: usinunue websaiti bado

Kapteni wa jahazi anayepeleka wageni Manda Toto na kurudi machweo, ama mama mwenye chakula kizuri Langoni, sioni kwa nini alipe. Chukua ukurasa wa biashara wa Google ambao ni bure, weka picha, masaa, namba, weka WhatsApp Business yenye bei zako, omba wageni waandike maoni. Ukitaka jina lako mwenyewe nunua domeni tu uielekeze huko. Hapa nitagombana na mafundi lakini bora niseme ukweli.

Namba nne: kampuni kubwa ya Nairobi ama Mombasa

Hoteli ya vyumba thelathini yenye mkahawa na mfumo wa buking unaogusana na hesabu, hao wapigie. Wana meneja wa mradi, wana watu wa kujaribu, wana mkataba mrefu. Wewe wa gesti utakuwa mteja mdogo kabisa kwenye orodha yao na utajibiwa na mtu tofauti kila mara.

Namba tano: mgeni anayekutengenezea bure

Tunawajua. Amependa Lamu, amebakiwa na siku zake, anasema mimi ni developa Berlin, nipe chumba wiki mbili nikutengenezee websaiti. Kitu kinatoka kizuri kupindukia, kimejengwa kwa teknolojia ambayo hapa pwani nzima hutapata wa kuigusa, seva iko kwenye akaunti yake, na bei zako zimeandikwa ndani ya maandishi ya programu yenyewe, kubadilisha chumba kutoka elfu nne kuwa elfu tano lazima umtumie imeili. Sina ubaya na hao wageni, wengi nia zao ni safi. Mpe kazi ya picha. Ya websaiti mwambie ahsante.

Sasa, kujipanga

Uliza mafundi kinachochelewesha mradi, mara nyingi watakwambia ni mteja. Picha hazijaja, bei hazijakubaliwa, na nyumba zetu nyingi ni za urithi, ndugu watano kila mmoja ana rangi yake. Kabla hujalipa arbuni mchague mmoja wa kusema ndio au la, jina lake liandikwe kwenye mkataba, na wengine wampitie yeye. Mkubwa asipotaka kuwa yeye basi akubali kunyamaza, na hilo najua si jepesi.

Andaa mapema bei za wakaazi na za wageni wa nje, za msimu na za masika. Picha za simu huja nzito, megabaiti tatu nne kila moja, zipunguzwe ziwe chini ya kilobaiti mia mbili hivi kabla hazijapandishwa. Ukiwa Malindi ama Watamu, ukurasa wa Kiitaliano ni lazima na uandikwe na mtu, Malindi haikosi wanaokijua, usiwaachie mashine Waitaliano wakucheke. Ukiwa Lamu andika namna ya kufika, manake ndege inatua Manda, anavuka kwa boti, hakuna teksi ya kumshusha mlangoni na ramani ya simu itamzungusha vichochoroni. Weka picha ya gati, jina la mtu atakayempokea, na namba inayopiga ukiigusa.

Malipo ya M-Pesa anza mapema kuliko unavyodhani. Paybill ama Till iwe ya biashara yako, na maombi ya kuunganisha na websaiti kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganishia M-Pesa, yana makaratasi, usiyaanze wiki ya mwisho. Kwa kadi za wageni, wengi hutumia kampuni ya malipo ya Pesapal. Na kama uko Airbnb na Booking.com pia, kalenda ziunganishwe, ila ujue huwa zinachelewa masaa kupashana habari, siku za Disemba angalia kwa macho yako usije ukauza chumba mara mbili.

Fomu ya buking iulize jina, tarehe, simu, imeili, basi. Picha ya pasipoti usiiombe kwenye fomu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019 na data za watu zikivuja kwako utaulizwa wewe.

Chombo cha Matondoni, kule Lamu wanakounda majahazi, hakishuliwi maji siku kinapopakwa rangi, kwanza kinakalafatiwa na kuangaliwa mbao kwa mbao, websaiti nayo iwe hivyo. Wiki moja kabla, ifungue kwenye simu ya bei rahisi kwa bando, sio kwa waifai ya ofisi, ujaze fomu mwenyewe uone kama imeili inakufikia kweli, ulipe shilingi kumi kwa M-Pesa uone ule ujumbe wa PIN unaruka na pesa inaonekana, ubonyeze kila linki. Kama ulikuwa na websaiti ya zamani, kurasa zake za zamani zielekezwe kwenye mpya, mafundi huita redirekti ya 301, la sivyo wote waliokuwa wakikupata kwa Google wanagonga ukuta.

Mawili haya mkumbushe fundi hata akinuna. La kwanza, WordPress ina kisanduku kwenye setingi za kusoma kinachowaambia Google wasiorodheshe websaiti, huwa kinawekwa alama wakati wa kujenga na kusahauliwa, halafu miezi inapita unajiuliza mbona huonekani. La pili ndo baya zaidi: mkihamisha nemuseva, zile zinazoelekeza domeni yako, kwenda hostingi mpya bila kunakili rekodi za MX zinazoelekeza imeili, imeili zako zinakufa, buking zinaingia hewani na wewe umekaa unasherehekea. Rekodi zote zipigwe picha kabla ya kugusa chochote, na siku moja ama mbili kabla TTL, muda wa mtandao kukumbuka rekodi ya zamani, ushushwe uwe sekunde 300 ili mabadiliko yasienee kwa kujikokota.

Siku yenyewe chagua Jumanne ama Jumatano asubuhi. Ijumaa hapana, saa sita watu wanaelekea msikitini na wikendi wanaojibu simu za hostingi ni wachache. Karibu na Idi hapana, wiki ya Maulidi Lamu ndo hata usifikirie. Chaji simu na laptopu usiku, stima hazina mwenyewe, na uwe na bando la laini nyingine. Bakapu ya mwisho ichukuliwe asubuhi hio na nakala ibaki kwako, sio kwa fundi peke yake. Wazungu wengi hupanga Disemba miezi kadhaa mbele, kwa hivyo mimi ningefungua Juni, kukiwa kimya, makosa yaonwe na watu wachache, Agosti ikifika kitu kimeshazoea.

Zile wiki mbili baadaye ingia kila asubuhi, tuma fomu moja ya majaribio, weka websaiti kwenye Search Console ya Google usome inalalamika nini, na kila kasoro iandikie fundi kwenye uzi mmoja wa WhatsApp, sio voisi noti ishirini. Zikiisha zote, na paswadi za domeni, hostingi, WordPress na imeili umezijaribu mwenyewe zikafungua, mtumie ile theluthi ya mwisho siku hio hio bila kumzungusha, utamhitaji tena domeni ikikaribia kuisha.