Umeme wa T3-MV kwa kiwanda: uniti ni nafuu, laini ndiyo kazi

Mwenye kiwanda anayehama kutoka T2 (daraja la volti 400) kwenda T3-MV (daraja la msongo wa kati) ya TANESCO, shirika la umeme Tanzania, huangalia namba moja: uniti inashuka kutoka shilingi 195 hadi 157. Ndivyo lilivyo jedwali la bei lililoanza Aprili 2016, na malipo ya kVA, yaani ya ukubwa wa mzigo unaouvuta kwa wakati mmoja, nayo yanashuka kwa kila kVA kutoka 15,004 hadi 13,200. Kiwanda cha uniti 120,000 kwa mwezi na kilele cha kVA 500 kinaokoa karibu milioni 5.46 kabla ya kodi na tozo. Kwa bei, huduma hii ni nzuri.

Lakini ukichukua umeme wa 11kV au 33kV, transfoma inakuwa yako: mafuta yake, ulinzi wake, na ikiungua ni wewe. Mita ikifungwa upande wa msongo mkubwa, unalipia pia umeme unaoliwa na transfoma yenyewe hata kiwanda kikiwa kimefungwa. Kilowati 1 tu inayopotea muda wote ni uniti 720 kwa mwezi. Kwa hiyo usinunue transfoma ya kVA 1,500 kwa mzigo wa kVA 500 eti tutapanuka.

Panapoumiza zaidi ni kVA. Mita inahesabu nusu saa iliyokuwa nzito kuliko zote mwezi mzima, na bili ya kVA haishuki chini ya asilimia 75 ya kilele kikubwa cha miezi mitatu iliyopita. Umeme ukirudi baada ya kukatika, zamu ikawasha mitambo yote kwa pamoja na kuikimbiza ili kufidia muda, kilele kikifika kVA 1,000 utalipia angalau 750 kwa miezi mitatu inayofuata, hata ukitumia 600. Andikeni utaratibu wa kuwasha na mubandike kwenye chumba cha swichi: kompresa kwanza, subiri, halafu mota kubwa moja moja. Vipasha joto vya mashine zote visianze pamoja.

Kurekebisha pawa fakta, yaani sehemu ya kVA inayofanya kazi halisi, nako kunalipa haraka. Mzigo wa kilowati 800 kwa pawa fakta ya 0.80 ni kVA 1,000. Ukipanda hadi 0.95 unabaki na kVA 842. Hizo kVA 158 ni zaidi ya milioni 2 kila mwezi. Kinachoipandisha ni kapasita, na zinazohitajika ni kama kVAr 340 (kVAr ni kipimo cha ukubwa wake). Kosa la kawaida ni kununua kapasita tupu katika kiwanda chenye draivu nyingi za kubadili mwendo wa mota: mawimbi ya hamoniki, yaani uchafu wa umeme unaotoka kwenye draivu hizo, yanazichemsha, zinavimba na kupasuka. Agiza zenye rieakta (koili za kuzikinga na mawimbi hayo) za asilimia 7, na fundi apime mkondo wa kila hatua, yaani kila kundi la kapasita, mara kwa mara, maana hatua iliyokufa haipigi kelele, inaonekana kwenye bili.

Sasa uhakika wa umeme. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, na ule wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Lakini megawati za Rufiji hazizuii tawi la mti kugusa laini ya 33kV. Angalia kiwanda cha mabomba ya plastiki: umeme unalegea kwa nusu sekunde, taa zinapepesa tu, lakini kontakta (swichi ya sumaku ya mota) inaachia na skrubu inayosukuma plastiki inasimama. Bomba linabonyea ndani ya tangi la vakyumu, plastiki inabaki kwenye pipa la moto ikiungua polepole, na kazi ya kusafisha, kupasha na kulivuta bomba upya inakula saa kadhaa. UPS (betri ya akiba) ndogo kwenye saketi ya kudhibiti husaidia kuvuka mlegeo mfupi, ila kitufe cha dharura lazima kiendelee kukata.

Jenereta si jibu la bei. Lita moja ya dizeli hutoa uniti 3.5 hadi 4. Dizeli ikiwa shilingi 2,800, uniti ni 700 hadi 800, kabla ya sevisi. Ndiyo maana uniti ya 157 kwenye laini inayokatika mara kwa mara inaweza kuwa ghali kuliko ya 200 kwenye laini imara.

Kuna kitu kimoja cha kudai ambacho jedwali la 2016 halina: bei ya usiku. Kenya iliianzisha kwa viwanda Desemba 2017, nusu ya bei ya uniti kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi siku za kazi, kwa matumizi yanayovuka kiwango kilichowekwa. Viwanda vya chuma na saruji vinaweza kuhamishia zamu nzito usiku, na mitambo ya umeme wa maji ikapata mteja wakati majumbani watu wamelala.

Kabla ya kusaini mkataba, omba rekodi ya miezi 12 ya laini utakayounganishwa, ya kuzimwa kwa matengenezo iwe mbali na ya hitilafu. Uliza ina urefu gani na inalisha vijiji vingapi njiani. Ikiwa ni ndefu na ina matawi mengi, omba makadirio ya laini yako peke yako kutoka kituo cha kupozea umeme, kisha uyalinganishe na dizeli ya mwaka mmoja.