Nyumba ya chini Goba, vyumba vinne, milioni 185: tuizunguke wote tuone

Haya ndugu zangu karibuni tena, leo nipo Goba, Dar es Salaam, na kabla sijafungua hili geti niseme mapema kabisa, mimi siyo dalali wa hii nyumba, sina cha juu hapa, nimemuomba mwenye nyumba nije nizunguke na kamera niseme ninachokiona akakubali, na namshukuru sana maana wengi ukiwaambia hivyo wanakata simu.

Nyumba ni ya chini, haina ghorofa, vyumba vinne kimoja masta, kiwanja skwea mita 640, ina hati, anaomba milioni 185 na maongezi yapo. Toka lami mpaka hapa getini nimetembea kwa mguu dakika kumi na moja, boda wanachukua buku, yaani shilingi elfu moja.

Kwa mliokuwa hamjafika huku siku nyingi, Goba ya sasa imefunguka kila upande. Ukishuka huku unatokea Tangi Bovu, Mbezi Beach, ukienda huku Mbezi Mwisho ndo ilipo stendi ya Magufuli ya mabasi ya mikoani, ukipita Madale unaibukia Wazo kule Tegeta, na kuna ile ya Makongo kwa wanaofanya kazi pande za Chuo Kikuu. Na hewa jamani, hapa tupo juu, jioni upepo unapiga mpaka pazia linapeperuka, watu wanaotoka Sinza au Manzese wakifika hapa kitu cha kwanza wanasema ni upepo. Lakini Goba ni vilima vitupu, na ukinunua nyumba kilimani anza kuuliza habari za maji, vyumba utahesabu baadaye. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, nyumba yetu ya kwanza mimi na mama watoto tulinunua mwezi wa nane, jua kali, vumbi, kila kitu kikavu, dalali anatuambia hapa hapajawahi kusumbua. Mwezi wa nne usiku naamka kwenda kumuangalia mtoto, nashusha mguu kitandani nakanyaga maji. Mtoto alikuwa na miezi mitatu. Tangu siku hiyo nikiingia nyumba ya mtu naanza kuangalia chini ya ukuta, rangi sina habari nayo.

Tuingie. Sebule kubwa, dainingi imeungana nayo, tiles za 60 kwa 60, dari la gypsum limekaa vizuri, madirisha ya alminiam yana grili na nyavu. Jiko lina makabati ya mbao ya kweli, nimefungua milango yote hakuna unaogoma, na lina stoo yenye dirisha, ambayo ni kitu kizuri sana, stoo nyingi za siku hizi ni shimo la giza mchele unaota wadudu.

Sasa korido. Hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndo hasa nilichokujia. Mimi naishi na mama yangu, ana miaka 74, magoti yamechoka, na nyumba tuliyokuwa tumepanga zamani ilikuwa na vyumba juu, nimemuona akishuka ngazi kwa kukaa, ngazi moja moja, kanga ameishika mkononi. Kwa hiyo mtu akiniambia nyumba ya chini ni ya kizamani huwa namwambia njoo uishi na mzazi wako halafu tuongee. Hii korido nimepima na tepu, ina sentimita 120, kiti cha magurudumu kinapita na mtu anapita pembeni. Safi kabisa. Kutoka sebuleni mpaka chumba cha mwisho hakuna hata kidaraja kimoja. Ila angalieni hapa kwenye choo cha pablik, kizingiti hiki, mnakiona? Sentimita 14. Fundi alikiweka ili maji ya kuoga yasitoke koridoni, sawa namuelewa, lakini hiki ndicho kitakachomuangusha mzee saa nane za usiku. Choo cha masta wamefanya vizuri zaidi, sakafu imeshuka sentimita tano na tiles zina mteremko mpaka kwenye kitundu, maji yanaondoka yenyewe. Cha pablik kinaweza kuvunjwa kikafanywa hivyohivyo, ni kazi ya fundi wa siku tatu nne, usiogope lakini iweke kwenye hesabu zako.

Chumba cha nyuma, hiki cha upande wa kilima. Chumba kizuri, kina mwanga, ila njooni karibu na kamera. Nyumba nzima rangi ni ya siku nyingi, imepauka kiasi, lakini ukuta huu mmoja, toka chini mpaka usawa wa goti langu, rangi ni mpya. Kwa nini? Nimebonyeza hapa na kidole gumba, oneni, inabonyea kama ganda la yai, na ndani kuna unga mweupe. Hiyo ni chumvi. Unyevu unapanda kutoka chini, maji yakikauka chumvi inabaki inasukuma rangi na lipu nje. Wamepaka watapati, ile plasta laini ya kulainishia ukuta, juu, wakapaka rangi, na hizi tiles za pembeni chini nikizigonga mbili zinalia debe tupu.

Twende nyuma tuone inatoka wapi. Haya, hili ndo jibu. Kiwanja cha jirani kipo juu yetu kama mita moja na nusu, na kinachozuia udongo wake usije kwetu ni fensi ya kawaida, tofali za inchi sita zimesimamishwa, hakuna ukuta wa mawe, hakuna nguzo za zege za maana, na hakuna hata kitundu kimoja cha kutolea maji. Kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanajaa nyuma ya ukuta kama kwenye ndoo, yanausukuma, na yanapita chini yanakuja kwenye msingi wa hiki chumba. Ufa huu umeanzia kule juu unashuka kwa kukata kona kona kufuata tofali, kidole changu cha mwisho kinaingia. Fensi hii itasimama masika mbili tatu, haitazidi hapo. Dawa yake inajulikana, ukuta wa mawe wenye vitundu, kokoto nyuma yake, na mtaro unaopeleka maji mbele barabarani, lakini ni mamilioni, na lazima mkae chini na jirani muongee, maana maji yanatoka kwake.

Paa ni kontemporari, lile la kuficha bati nyuma ya ukuta. Linapendeza kwenye picha, kila kijana sasa hivi anataka hilo. Nimepanda na ngazi nikaangalia mfereji wa ndani, umejaa majani ya huu mwembe, na bomba la kushushia maji upande huu mzima ni moja, la inchi mbili. Halitoshi. Ndo maana kona ya gypsum kule dainingi ina doa la rangi ya chai ambalo pengine hamkuliona, mimi mwenyewe nililiona mara ya pili. Kusafisha majani ni kazi ya nusu saa, kuongeza bomba la inchi nne siyo gharama ya kutisha, bati lenyewe ni zima.

Maji ya bomba yapo, mita ya DAWASA ipo mbele, na kuna simtank la lita 5,000 juu ya mnara wa zege. Jirani wa chini, mama mmoja muungwana sana, kaniambia maji yanatoka mara mbili kwa wiki na presha ni ndogo kwa sababu ya mlima, so hilo tanki litakusaidia ila ukiwa na familia ya watu wanane ongeza la pili. Karo la maji machafu lipo mbele upande wa chini, gari la kunyonya linafika bila kuingia ndani, hapo aliyechora alitumia akili.

Makaratasi. Hati nimeionyeshwa, ya miaka 66, imeanza kuhesabiwa 2014. Nzuri, lakini kuonyeshwa hati sebuleni na kupata uhakika ni vitu viwili, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, ujue kama haina mkopo wa benki juu yake wala zuio. Hati ina jina la baba peke yake, na hapa familia imeishi, kwa hiyo Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mke naye aridhie, asaini, usikubali kuambiwa mama yupo safari atasaini akirudi. Bikoni, yale mawe ya mipaka ya kiwanja, nimeziona tatu. Ya nne ingetakiwa iwe kona ileile ya nyuma kwenye fensi yenye ufa, sijaiona, mlete mpima aitafute kabla hujatoa hata advansi. Gharama nyingine, ushuru wa stempu ni asilimia 1, na kodi ya faida ya kuuza ni asilimia 10 ya faida, hiyo ni ya muuzaji, muandike kwenye mkataba nani analipa nini. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye luku ya umeme, na hapa nyumba ya chini inakupa nafuu, ni 18,000 kwa mwaka wakati ghorofa mjini ni 90,000 kwa kila sakafu.

Mimi nasemaje? Nyumba nimeipenda, kweli kabisa, hiyo korido na hiyo stoo na huu upepo, mama yangu angekaa hapa akafurahi. Lakini kwa 185 silipi. Ukuta wa nyuma, mtaro, lipu ya chumba kimoja, bomba la paa na kile kizingiti vyote vitoke kwenye bei, mimi ningeanzia 155 na sipandi zaidi ya 165, na hata hapo bikoni ya nne iwe imeonekana. Nimemwambia mwenye nyumba hivyohivyo usoni, kanyamaza kidogo, akasema ukuta anaujua.

Mliopo Oman, Marekani, Uingereza mnaotumiwa video na madalali, mwambieni ndugu yenu aje huku mvua inanyesha, aje na gambuti. Na mimi mwenyewe nimepewa ruhusa ya kurudi, mvua ya kwanza kubwa ikipiga nitasimama hapahapa nyuma ya chumba hiki niwaonyeshe maji yanapopita.