Siku sita kwenye hoteli ya ufukweni isiyopokea watoto

Nilipomwambia rafiki yangu kwamba tunakwenda kwenye hoteli ya “watu wazima tu”, alinitazama kwa jicho la pembeni kama nimemtajia jambo la aibu. Nianzie hapo, maana najua wengi wanawaza hivyohivyo. Maneno hayo hayafichi kitu. Maana yake ni kwamba hawapokei watoto, basi. Nyingi zinaweka mpaka wa miaka 16 au 18, na zipo zinazoruhusu kuanzia 12, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Tuliowakuta huko ni watu wa kawaida kabisa: maharusi wapya, wazee wawili ambao ndoa yao imevuka miaka arobaini, dada wawili waliotoka kumuuguza mama yao mwaka mzima, na mwanamke mmoja aliyekuja peke yake na mkoba wa vitabu.

Sisi tuna watoto watatu, na mdogo ana miaka minne. Katika miaka kumi na moja, mimi na mume wangu hatukumbuki mlo wa jioni tulioumaliza bila mmoja wetu kuinuka. Hatukwenda kukimbia watoto. Tulitaka kukaa.

Hoteli yenyewe ilikuwa na vyumba kumi na vinne. Ningekushauri utazame idadi hiyo kabla ya picha za bwawa na vitanda, kwa sababu mengine yote mazuri yanatokana nayo. Hoteli kubwa inaweza kuwa na marumaru na mabwawa manne, lakini asubuhi utapanga foleni ya kifungua kinywa na utaamka mapema kuweka taulo kwenye kiti cha ufukweni kabla hakijachukuliwa. Hizi ndogo za kifahari, ambazo wenyewe wanaziita butiki, zinakwenda kinyume cha hapo. Mfanyabiashara wa hoteli Adrian Zecha alipofungua hoteli ya Amanpuri kwenye kisiwa cha Phuket, Thailand, mwaka 1988, alijenga nyumba chache zilizotawanyika kati ya minazi na akaweka wahudumu wengi kwa kila mgeni. Hoteli nyingi zilizofuata katika nchi za joto zimeiga mpango huo, na hii yetu ni mojawapo.

Hakukuwa na kaunta ya mapokezi. Tulikalishwa chini ya paa la makuti, tukapewa kitambaa cha baridi cha kujifutia jasho na vumbi la safari, kisha dada mmoja akatuuliza mambo matatu: mnaamka saa ngapi, kuna chakula msichokula, na je, mngependa tuje kuwasalimia mara kwa mara au tuwaache mpaka mtuite? Swali la tatu sijawahi kuulizwa popote. Tukamwambia watuache. Kwa siku sita zilizofuata, hakuna aliyetujia ufukweni na orodha ya safari za mashua au kutuhimiza tucheze mpira wa wavu. Ukiinua mkono, mtu anakuja. Usipouinua, haji.

Kutuacha hakukuwa kutusahau, na nitatoa mfano mdogo. Mimi hulala upande wa kushoto wa kitanda na sipendi upepo wa feni usoni. Usiku wa kwanza nilihamisha mto mpaka miguuni nikalala kichwa upande wa pili. Jioni ya siku iliyofuata, tuliporudi chumbani, kitanda kilikuwa kimetandikwa vilevile nilivyolala: mto wangu miguuni, shuka ya ziada imekunjwa upande wa kushoto, na chandarua kimefungwa ili kifunguke kutokea huko. Hakuna aliyesema neno. Mtu aliyetandika alisoma mikunjo ya shuka akaelewa. Niliguswa sana, kwa sababu nyumbani mimi ndiye ninayesoma mikunjo ya wengine.

Chumba kilikuwa wazi upande wa bahari, bila kioo, na mlango wa mbao wa kukunja kwa usiku. Paa ni refu, hewa ya moto inapanda juu na kutokea kwenye upenyo wa kileleni, huku upepo wa baharini ukipita chini kwenye usawa wa kitanda. Ujenzi wa namna hii ndio uliompa sifa Geoffrey Bawa, msanifu wa Sri Lanka aliyefariki mwaka 2003, ambaye aliacha ndani na nje vichanganyike badala ya kufungia watu kwenye sanduku lenye kiyoyozi. Kiyoyozi kilikuwepo, tukakiwasha mchana mmoja tu. Ila ujue kwamba chumba kilicho wazi kinaingiza na vilivyo nje: mjusi ukutani, chumvi kwenye miwani, nguo ambazo hazikauki vizuri kwa sababu hewa yenyewe ina maji. Kama mambo hayo yanakukosesha usingizi, chagua hoteli yenye vyumba vya kufunga.

Sasa nifike kwenye lililonikera, tena sana.

Asubuhi ya kwanza niliamka alfajiri, nikafungua mlango, na bahari haikuwepo. Palikuwa na mchanga wenye matope, mwani, vidimbwi, na mstari mweupe wa mawimbi mbali kule kwenye mwamba. Nilisimama pale nikihisi nimedanganywa. Kila picha niliyoonyeshwa wakati wa kuweka nafasi ilipigwa maji yakiwa yamejaa, maji ya buluu yanayogusa ngazi za chumba. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kwa saa kadhaa kila siku huwezi kuogelea. Nililipeleka lalamiko hilo kwa uongozi na bado nasimama nalo: mgeni anayelipa pesa nyingi kwa ajili ya bahari ana haki ya kuambiwa bahari hiyo inakuwepo saa ngapi.

Kwa hiyo niwaambie mimi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku katika sehemu nyingi za pwani, na kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita na robo. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na tofauti hupungua. Sisi tulifika siku ya pili ya bamvua bila kujua. Laiti tungesogeza safari wiki moja, tungekuta maji yanayobaki karibu. Tena mahali na mahali hutofautiana mno. Kwenye visiwa vingi vya Karibi tofauti ya kujaa na kupwa haifiki hata nusu mita, ilhali pwani ya Afrika Mashariki wakati wa bamvua inaweza kukaribia mita nne. Jedwali za maji zinapatikana bure kwenye intaneti, na zinakueleza siku yako ya tarehe fulani itakuwaje miezi kadhaa kabla. Ukishajua saa, unapanga: kuogelea maji yakiwa juu, kutembea yakiwa chini.

Na kutembea kwenyewe, nakiri, ndiko nilikokuja kukupenda kuliko kuogelea. Siku ya tatu tulivaa viatu vya mpira, maana kuna wale wanyama wa baharini wenye miiba mirefu myeusi ambao hutaki kuwakanyaga, tukamfuata kijana mmoja wa hoteli anayeujua ule mwamba. Alituonyesha njia za mchanga akatukataza kabisa kukanyaga matumbawe. Tumbawe linafanana na jiwe lakini ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja, na hukua taratibu sana. Unyayo mmoja unavunja kazi ya miaka. Kwenye kidimbwi kisichozidi karai la kufulia tuliona viti vya pweza viwili vyekundu (wale wanyama wenye umbo la nyota), jongoo bahari mmoja, na samaki wadogo wa buluu waliokuwa wanasubiri maji yarudi. Mume wangu alichuchumaa pale karibu nusu saa. Sijamwona akitazama kitu kwa muda huo bila simu mkononi tangu tulipooana.

Kijana huyohuyo alitukagua mafuta ya kujikinga na jua. Nilidhani ni ukali wa bure mpaka aliponieleza kuhusu oksibenzoni, kemikali iliyomo kwenye aina nyingi za mafuta hayo na ambayo inashukiwa kudhuru matumbawe. Nchi ya Palau imepiga marufuku mafuta yenye kemikali hiyo tangu mwaka 2020, na jimbo la Hawaii nchini Marekani likazuia uuzaji wake kuanzia 2021. Yenye zinki ndiyo wanayoyapendekeza. Yanaacha weupe usoni, lakini yanakinga. Usiyaache hata siku ya mawingu, kwani katika nchi za joto jua la adhuhuri liko karibu utosini na miale yake inapenya. Kinga iliyo bora zaidi ni kanzu nyepesi na kivuli.

Usiku njia zilikuwa na taa hafifu zenye rangi ya kahawia, za chini ya goti, na upande wa bahari hapakuwa na taa kabisa. Nilipouliza, nikaambiwa kasa hutaga kwenye ule mchanga. Vitoto vya kasa vikitoka kwenye mayai, takriban miezi miwili baada ya kutagwa, hutafuta mwangaza wa upeo wa bahari. Taa za nchi kavu huvipoteza vikaelekea bustanini na kufa. Hatukuona kasa hata mmoja, na sikujutia kutembea gizani kwa ajili yao.

Kasoro ya pili ni kelele. Chumba tulichopewa kwanza kilikuwa nyuma ya ukuta wa nyumba ya mashine, na pampu ya maji ilinguruma kila baada ya dakika chache usiku kucha. Tulipoeleza asubuhi, walituhamisha ndani ya saa moja, mizigo yote wakabeba wao, na waliomba radhi kwa namna iliyoonyesha wamemaanisha. Lakini chumba kile kinauzwa kwa bei ileile ya vingine, na hilo si haki. Ukiweka nafasi, omba ramani ya vyumba na uulize waziwazi: jenereta iko wapi, pampu iko wapi, jiko liko wapi? Katika mahali panapouza utulivu, maswali hayo yana uzito kuliko ukubwa wa bafu.

Ya tatu ni bili. Bei iliyotangazwa haikuwa na kodi wala asilimia ya huduma, na usafiri wa mashua ulikuwa pembeni. Uliza jumla kamili, kwa maandishi.

Chakula kilikuwa kizuri na saa za kula hazikubanwa. Masaji ilinilaza usingizi. Intaneti ilikuwa dhaifu chumbani, nikashukuru. Ile meza ya mishumaa mchangani wanayoitoza zaidi sikuona thamani yake, maana upepo ulizima mishumaa na kutujaza mchanga kwenye sahani, ilhali baraza la kawaida lina mandhari ileile.

Kuhusu majira, angalia zaidi ya mvua. Msimu wa vimbunga wa Atlantiki, unaohusu Karibi, huanza Juni mpaka Novemba. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba mpaka Aprili. Bei hushuka kipindi hicho na wengine huenda salama, lakini hakikisha masharti ya kughairi yanakulinda.

Anayependa muziki, michezo na kukutana na watu wengi atachoka hapa kufikia siku ya pili, na pesa zake zitakuwa zimepotea. Anayetaka kumsikia mwenzake, au kujisikia mwenyewe, nampendekezea kwa moyo wote. Siku sita zilitutosha. Nne zingekuwa pungufu, kwa sababu mbili za kwanza bado tulikuwa tunaruka kila mlango ulipogonga.

Katika nchi za joto jua halichelewi kuzama. Linashuka karibu wima, na ndani ya dakika ishirini na kitu ni usiku. Jioni ya mwisho tulikaa mezani saa kumi na mbili, kukiwa bado na mwanga, tukala, vyombo vikaondolewa, maji yakaanza kurudi tukiyasikia bila kuyaona. Tuliongea habari za baba yake, za nyumba tunayotaka kujenga, za jambo moja la miaka sita iliyopita ambalo hatukuwahi kulimaliza. Mhudumu alikuja mara moja tu kuuliza kama anaweza kuizima ile taa ya upande wetu, kwa ajili ya kasa. Tukamwambia aizime, tukaendelea kuongea gizani.