Chakula cha safari za boti Uganda: ipi ulipie, ipi uiache

Kabla hujalipia safari yoyote ya boti hapa Uganda, uliza swali moja: jiko liko wapi? Usitarajie meli zenye kumbi tatu za kulia kama zile za watalii zinazotia nanga Mombasa na Zanzibar. Boti nyingi za huku hazina jiko. Chakula kimepikwa nchi kavu, kikafungwa, kikapakiwa, kikawangoja abiria waliochelewa, ndipo kikafika mbele yako. Kwa hiyo unapolipia mlo wa botini, hesabu saa zilizopita tangu sufuria iepuliwe.

Naishi Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, si mbali na mwalo wa Nakiwogo, na kila Desemba nyumba yangu hujaa wageni wa Mombasa, Tanga na Mwanza. Wote wanataka mambo mawili: kupanda boti na kula cha Uganda. Nimewapeleka huku na huku, tumekula vizuri, na mara nyingine tumerudi na njaa. Orodha hii nimeipanga kwa chakula. Kwa mandhari mpangilio ungekuwa mwingine kabisa.

Kwanza niwaambie wa pwani jambo moja, kwa sababu ndilo huwaangusha. Huku hatupikii nazi. Mahali pa nazi pana karanga, binyebwa, zilizosagwa na kupikwa hadi zikawa rojo zito lenye rangi ya waridi. Viungo ni vichache, na pilipili huwekwa pembeni. Matooke nayo si ndizi za nazi za Tanga. Yanapikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, yanapondwa, na hayana utamu, maana kazi yake ni kubeba mchuzi. Wifi yangu alionja ya kwanza bila mchuzi akasema hayana ladha. Nikamchotea binyebwa juu yake, akamaliza sahani.

Nafasi ya kwanza: Nakiwogo hadi Kalangala

Meli ya MV Kalangala huondoka Nakiwogo saa nane mchana na kufika Lutoboka, kisiwa cha Bugala, baada ya saa tatu na nusu hivi. Kesho yake inarudi saa mbili asubuhi. Piga simu kabla hujafunga begi, maana meli huenda matengenezoni na ratiba hubadilika. Ikiwa haipo, zunguka kwa barabara hadi Bukakata, upande wa Masaka, kisha panda kivuko cha kwenda Luuku, kisiwani Bugala. Hicho hakina nauli.

Ndani ya meli usitegemee mlo. Utapata soda, chai, chipsi na vitafunio. Daraja la juu linakununulia kiti kizuri, lakini chakula ni kilekile. Mchana ziwa huwa na mawimbi, na mgeni aliyeshiba wali na nyama dakika kumi kabla ya kupanda nimemshika mabega mara zaidi ya moja. Kula kidogo, beba gonja, ndizi za kuchoma, na kipande cha tangawizi.

Kinachoipa njia hii nafasi ya kwanza ni kule unakofikia. Lutoboka nyumba za wageni zimejipanga ufukweni, na samaki anatoka majini hatua chache kutoka jikoni. Piga simu ukiwa bado Nakiwogo, uagize samaki na useme saa ya kula. Usiposema, utafika jioni, mpishi ataanza kuwasha mkaa, nawe utakula saa tatu usiku.

Chagua samaki kwa macho yako. Wako wawili wakubwa: sangara, ambaye Waganda humwita mputa, na sato, ambaye ni ngege. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili, aliletwa miaka ya 1950, na minofu yake mingi hukatwa viwandani ikasafirishwa nje. Mimi kwa kukaanga mzima nachukua sato: nyama yake ni tamu na mifupa unaijua ilipo. Sangara namtaka kwenye supu, kichwa hasa, kwa kuwa mafuta yake yanaupa mchuzi uzito. Mfunue shavu. Ndani pakiwa pekundu na pabichi, mnunue. Pakiwa pa kahawia, mwambie mpishi akuonyeshe mwingine, wala hatakasirika. Na ukiletewa sangara mdogo anayeenea kwenye sahani, kichwa hadi mkia, kataa. Sheria hairuhusu kuvua sangara aliye chini ya inchi 20, na kila sangara mchanga tunayemla ni mayai yaliyopotea.

Sharti jingine la kununua: kifungua kinywa kiwe ndani ya bei ya chumba, na kiwe katogo. Ni matooke yaliyochemshwa sufuria moja na utumbo, maharage au karanga. Kwa kuwa meli inaondoka saa mbili, jiko lisiloamka saa kumi na moja litakupa mkate na chai ya vuguvugu kwa bei ileile. Uliza usiku, "Mama, katogo itakuwa tayari saa ngapi?" Akikujibu, "Saa kumi na mbili na nusu, mwanangu," umeokoka. Akisema "asubuhi," muulize tena.

Nafasi ya pili: Ziwa Bunyonyi

Bunyonyi iko juu milimani karibu na Kabale, kwa hiyo gharama kubwa ni ya barabara. Unafika mwalo wa Rutinda, unakodi boti ya mashine au mtumbwi wa gogo, unazunguka visiwa, na mchana unateremka kwenye kisiwa kimojawapo chenye mahali pa kulia. Hilo ndilo ninalolipenda: boti inakupeleka mezani, na chakula kinapikwa ukiwa umefika.

Mlo wa hapo ni krefishi, ndugu yake kamba wa baharini, mwenye magamba mekundu na makucha madogo. Asili yake ni Marekani, aliletwa Uganda karne iliyopita, na hapa Bunyonyi akastawi. Wanampika na nyanya na vitunguu saumu, au wanamtoa maganda na kumjaza kwenye parachichi lililokatwa nusu. Wa Mombasa watamjua mara moja, ingawa ni mdogo na nyama yake ni laini kuliko ya kamba wa Lamu. Sahani ikija na viazi vya Kabale, anza na viazi. Udongo ule wa mlimani unatoa kiazi kikavu chenye ladha yake mwenyewe, na sijapata kingine cha kukilinganisha nacho. Kuna baridi, kwa hiyo agiza supu, na ukiona obushera, uji wa mtama wa Wakiga, omba usiochachuka kama hutaki kileo.

Unapopita Mbarara, simama ule eshabwe, samli nyeupe iliyopigwa hadi ikawa mchuzi, chakula cha heshima cha Wanyankole. Huliwa baridi na kalo, ugali wa ulezi, au matooke. Sijawahi kuikuta kwenye boti yoyote, na sidhani ingestahimili jua.

Nafasi ya tatu: boti ya kukodi wenyewe, na luwombo lenu

Hii ni ya familia au kikundi cha watu wanane na kuendelea. Mnakodi boti Entebbe, Ggaba au Munyonyo kwa saa, na chakula mnaagiza kwa mama mnayemjua. Nimeiweka ya tatu kwa sababu inataka maandalizi, ila ukiyafanya, hakuna mlo wa botini unaoishinda.

Agiza luwombo. Jani changa la mgomba hupitishwa juu ya moto hadi lilainike lisipasuke, uti wake wa kati ukapunguzwa kwa kisu. Ndani huwekwa kuku, nyama iliyokaushwa kwa moshi, au uyoga, na mchuzi wa karanga juu yake. Jani linakunjwa, linafungwa juu kwa kamba ya mgomba kama mfuko, kisha linapikwa kwa mvuke saa kadhaa. Kila mtu ana lake.

Ndicho chakula kinachofaa majini kuliko vyote ninavyovijua. Chipsi zikifunikwa zinalainika ndani ya nusu saa, samaki wa kukaanga anapoteza ukoko wake kwa jasho la kifuniko, na wali unaganda. Luwombo linazidi kuiva njiani. Mwaka jana tulitoka Ggaba saa sita, boti ikazimwa mashine katikati ya ghuba saa nane kasoro, nikafungua kapu lililokuwa limefunikwa mablanketi mawili. Nilipoikata kamba ya luwombo la kwanza, jani lilijifungua polepole kwa mvuke wake, miwani ya mjomba wangu ikaingia ukungu, na harufu ya moshi na karanga ikafika hadi kwa nahodha nyuma. Tulikuwa na moja la ziada. Alilila lote amesimama, mkono mmoja kwenye usukani.

Bebeni maji ya kunawa, kwa sababu luwombo bila mkono haliliki, na mfuko wa kurudishia majani ufukweni.

Nafasi ya nne: mfereji wa Kazinga

Kwa wanyama safari hii ingekuwa ya kwanza. Boti inatoka Mweya, ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, na kwa saa mbili hivi unapita viboko, nyati na mamba kwenye mfereji unaounganisha ziwa Edward na ziwa George. Kwa chakula, hesabu maji na soda tu, wala usidanganywe na tangazo linalosema "pamoja na viburudisho". Hoteli za hifadhini zinapika vizuri kwa bei ya mtalii. Mimi huwapeleka wageni Katunguru, penye daraja, ambapo wavuvi wa mfereji uleule wanauza sato, na wanampaka chumvi ya Katwe, inayovunwa ziwani si mbali na hapo. Sato aliyepasuliwa mgongo, akapakwa chumvi ile na kuwekwa kwenye mkaa, hahitaji kitu kingine zaidi ya ndimu.

Nafasi ya tano: Paraa hadi maporomoko ya Murchison

Ni saa tatu hivi kwenda na kurudi, hadi chini ya mahali ambapo Nile yote inajibana kwenye mwanya wa mita 7 hivi. Chakula ni boksi. Boksi la kawaida ni kuku baridi, yai, ndizi, juisi ya pakiti. Uliza limefungwa saa ngapi, kwa sababu joto la kule si mchezo na kuku wa tangu alfajiri hafai saa tisa. Omba chapati, mayai na karanga badala yake. Kisha, ukiwa na gari, vuka hadi mji wa Pakwach jioni ukatafute malakwang, mboga yenye uchachu kidogo iliyopikwa na odii, rojo la simsim na karanga, iliwe na viazi vitamu. Hicho ni chakula cha Waacholi na jirani zao, na wageni wengi wa mbuga wanarudi kwao bila kukiona.

Jinja, kwenye chanzo cha Nile, safari ni fupi mno kuwa na mlo. Panda boti, shuka, ule samaki hapo kwenye mwalo au rolex mjini, chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga, ikitoka kwenye chuma mbele ya macho yako.

Nafasi ya mwisho: safari ya machweo yenye bufee

Hizi ndizo zinazotangazwa sana, na ndizo zilizonivunja moyo. Niliwahi kulipia wageni sita safari iliyotangazwa kuwa na "vyakula asilia vya Uganda". Tulipofunuliwa masufuria tulikuta soseji, chipsi zilizolala, na nyama choma iliyokauka. Matooke yalikuwepo, yamepoa na kuwa magumu kama udongo wa kufinyanga. Mama mmoja wa Tanga, mwenye miaka zaidi ya sabini, alikuwa ameyangoja matooke hayo wiki nzima. Aliniambia, "Usijali mwanangu, nimeshaona ziwa." Neno hilo bado linaniuma.

Zipo nzuri pia, ila zipime kabla ya kulipa. Omba orodha ya vyakula kwa maandishi, kwa majina, isiwe "vyakula asilia". Uliza kama nyama inachomwa botini au inaletwa imechomwa. Waislamu, ulizeni nani alichinja, na kama nguruwe anachomwa kwenye wavu uleule, maana Waganda wanampenda sana nguruwe na mchomaji hatakumbuka kukuambia. Lipa nusu, nusu nyingine ukishaona chakula kimepakiwa.

Na hesabu jaketi za kuokoa maisha kabla hujahesabu sahani. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe ilizama Ziwa Victoria, upande wa Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Siku hizi nikifika na wageni wangu nikakuta watu ni wengi kuliko jaketi, tunarudi Nakiwogo, tunakula sato pale mwaloni, na pesa ya nusu naiacha iende.