Uzoefu wangu na kifurushi cha Ayurveda kwa ini lenye mafuta: mlo unalipa, vidonge vichunguze

Kifurushi ninachokizungumzia ni cha Ayurveda, tiba ya jadi ya India, ni cha miezi 3, kinauzwa mtandaoni na kliniki moja ya Kerala, India. Unaonana na vaidya, tabibu wa Ayurveda, kwa video. Anatazama ulimi, anauliza habari za choo, usingizi, njaa inauma saa ngapi, tumbo linajaa gesi baada ya chakula gani. Kisha unapata mpango wa mlo, ratiba ya siku na mzigo wa dawa: unga wa mitishamba mitatu, kutki, bhumyamalaki na punarnava, triphala (unga wa matunda matatu makavu) ya kunywa usiku, na vidonge vyeusi vya arogyavardhini. Hukumu yangu: mlo na ratiba vina thamani kuliko bei yake, unga ni wa kuchagua kwa uangalifu, na vile vidonge vyeusi visiingie mwilini mwa mtu mwenye tatizo la ini.

Mlo kwanza, maana ndio unaofanya kazi. Ayurveda inasema agni, moto wa tumbo, umefifia, kwa hiyo chakula hakisagwi sawasawa na mafuta yanalundikana. Uyaamini maelezo hayo au usiyaamini, maagizo yanayotoka humo yanakubaliana na ya daktari wa ini: mlo mkubwa uwe wa mchana, cha jioni kiwe chepesi na kiishe kabla ya saa moja, usidokoe katikati, usilale baada ya chakula cha mchana, na kila ukila tembea kidogo. Anayemaliza kula saa moja jioni na kufungua kinywa saa moja asubuhi amekaa saa 12 bila chakula. Uzito ukipungua kwa asilimia 3 hadi 5, mafuta ya ini huanza kupungua. Ini lililovimba kwa sababu ya mafuta hayo linataka asilimia 7 hadi 10 ndipo lipoe. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo ni kilo 2.7 hadi 4.5 kwa hatua ya kwanza, na 6.3 hadi 9 kwa ya pili. Usizidi kilo moja kwa wiki. Kujinyima kwa pupa huleta mawe kwenye nyongo.

Chakula kikuu cha mpango ni khichri, ambayo pwani tunaijua kama mseto. Karatasi ya kliniki inataka choroko na mchele viwe sawa kwa sawa. Mimi nashauri kikombe 1 cha choroko kwa nusu kikombe cha mchele, kwa sababu mwenye ini la mafuta mara nyingi sukari yake nayo iko juu. Loweka choroko usiku kucha, mwaga maji yake. Weka kijiko 1 cha chai cha samli, tupia binzari nyembamba mpaka zianze kupasuka, kisha tangawizi iliyotwangwa na nusu kijiko cha chai cha manjano. Tia choroko na vikombe 5 vya maji, chemsha dakika 20 peke yake, ndipo uweke mchele. Ukivitia pamoja, mchele unakuwa uji huku choroko zingali na kiini kigumu, na choroko zisizoiva vizuri huongeza gesi tumboni. Choroko zilizokobolewa na kuparazwa hazina shida hiyo. Zitie pamoja na mchele. Malizia kwa ndimu na giligilani. Pembeni weka mboga chungu: karela, mnafu au mchunga.

Kinywaji cha mchana ni takra: mtindi sehemu 1, maji ya baridi sehemu 4, piga mpaka siagi ielee, iengue, nyunyiza binzari nyembamba iliyokaangwa kavu. Hakigharimu kitu na kinaondoa hamu ya soda, ambayo kwa chupa ya mililita 350 inakuingizia zaidi ya gramu 35 za sukari.

Mpango huu unaharibika kwenye utamu na mafuta. Ayurveda inaihesabu asali kuwa inakwangua mafuta mwilini, kwa hiyo mpango unakupa asali asubuhi na sukari guru kwenye chai. Ini halibagui: takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, karibu nusu yake ni fruktozi, na fruktozi ndiyo ini linaigeuza mafuta kwa urahisi. Viondoe vyote viwili. Samli nayo, karatasi inasema "kiasi", na watu wanamimina. Kijiko kimoja cha chai kwa sufuria nzima kinatosha. Tui zito la nazi, ambalo Kerala hawawezi kuliacha kama sisi tusivyoweza, libaki la siku moja moja. Juisi ya matunda asubuhi usiikubali hata ikiandikwa na vaidya. Kula tunda lenyewe.

Sasa mzigo wa dawa. Kutki ni shina la chini la mmea wa milima ya Himalaya, chungu kupita shubiri. Kipimo cha kawaida ni gramu 1 hadi 3 kwa siku, ukizidisha unaharisha. Ushahidi wake kwa ini la mafuta mwingi ni wa panya. Mmea huu umekuwa adimu na biashara yake inadhibitiwa kimataifa, jambo linalowafanya wauzaji wauchanganye na mizizi mingine. Bila cheti cha maabara cha mzigo ule ule ulioletewa, acha. Punarnava hukojoza, kwa hiyo anayemeza vidonge vya maji vya presha asivichanganye bila daktari wake kujua. Triphala ndiyo niliyoridhika nayo: gramu 3 kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kulala, inalainisha choo. Anza na nusu yake.

Arogyavardhini nitaikalia zaidi, kwa sababu wagonjwa wa ini hupewa sana na wengi hawajui kilichomo. Geuza chupa usome. Utakuta maneno Shuddha Parada. Hiyo ni zebaki. Gandhaka ni salfa, tamra bhasma ni majivu ya shaba, lauha bhasma ni majivu ya chuma. Wanaozitengeneza husema zimesafishwa. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa Boston, Marekani, na 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Figo na ubongo havina namna ya kujua kwamba zebaki ilisafishwa. Mwambie vaidya waziwazi kwamba hutaki rasa (dawa zenye zebaki) wala bhasma (majivu ya madini) yoyote, na akuandikie mpango usio nazo. Wapo wanaokubali bila ubishi.

Kliniki nyingine huongeza mmea wa giloy, mzizi wa ashwagandha wa usingizi, au kapsuli za manjano zenye pilipili manga. Zote tatu zimehusishwa na ini kuumia. Visa vya giloy viliripotiwa Mumbai wakati wa Korona, watu wakinywa kwa nia ya kujikinga. Manjano ya kwenye chungu hayana neno. Kapsuli ni jambo jingine, kwa sababu kurkumini yake imekolezwa na piperini ya pilipili inaisukuma kwa wingi kwenye damu.

Kifurushi hakina vipimo, na hapa ndipo nakipunguzia alama. Wanakuuliza unajisikiaje, wakati ini lenye mafuta kwa kawaida haliumi. Pima mwenyewe kabla ya kuanza, baada ya wiki 4, na mwisho wa miezi 3: ALT na AST (vimeng'enya vya ini), chembe sahani (za kugandisha damu) na sukari ya damu. Kisha piga hesabu ya FIB-4, inayokadiria makovu kwenye ini: umri mara AST, gawa kwa zao la chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT. Mtu wa miaka 48 mwenye AST 42, ALT 60 na chembe sahani 210 (elfu kwa mikrolita) anapata 1.24. Chini ya 1.3, makovu makubwa kwenye ini hayatarajiwi. Juu ya 2.67 nenda kwa daktari wa ini kabla ya kununua chochote. Aliyezidi miaka 65 atumie 2.0 badala ya 1.3. Altrasaundi pekee isikutulize, kwani mafuta machache huipita.

Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ini lililokwisha kusinyaa wachukue mlo tu. Na kwa yeyote aliyeanza unga: mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, macho yakageuka njano, au mwili ukawasha bila upele, simamisha dawa zote siku hiyo hiyo, nenda hospitali na chupa zote mkononi, pamoja na karatasi zake.