Carrara au Makrana: marumaru ipi kwa nyumba ya Mombasa?

Fundi akikuletea vipande viwili vyeupe, vimwagie maji kisha uvitazame juani. Carrara ya Italia ina weupe wenye kijivu, na mishipa laini kama moshi wa udi. Ndiyo Michelangelo aliyochongea sanamu ya Daudi, 1501 hadi 1504. Makrana ya Rajasthan, India, ni nyeupe zaidi, imeshikamana, na hainywi maji upesi. Ndiyo iliyovishwa Taj Mahal, iliyoanza kujengwa mwaka 1632 hivi.

Kwa baraza ya Mji wa Kale mimi nachukua Makrana. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na jiwe linalonywa maji huingia madoa. Carrara naipenda ukutani, mishipa yake ionekane.

Jikoni zote mbili zaniuma roho. Marumaru ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi. Tone la ndimu au ukwaju likikaa, hulila. Kwetu ukwaju ulimwagika usiku, nikafuta asubuhi: mng'aro umetoka, duara la ukubwa wa kikombe. Ilibidi fundi aje kulisugua upya.