Tahadhari: darubini ya "114" inayouzwa Mombasa ni ya 76 iliyobandikwa karatasi

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Naandika baada ya hasira kupoa, maana wiki iliyopita ningeandika matusi.

Kuna mtu hapa Mombasa anauza darubini za nyota, zile fupi za kuweka mezani, ambazo ndani zina kioo badala ya lenzi kubwa mbele. Duka hana. Ana ukurasa mtandaoni, namba ya simu na kijana wa bodaboda. Tangazo lake lasema kioo ni cha milimita 114, urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo mpaka pale mwanga unapokutana) milimita 450, inakuza vitu mara 500, na juu yake unapewa "zawadi", kichujio cha kutazamia jua. Bei shilingi 18,500. Nimelipa zote. Nilicholetewa ni darubini ya milimita 76, na ile zawadi nusura impofue mwanangu.

Ramadhani ilikuwa inakaribia. Binti yangu ana miaka tisa, akaniuliza wazee huuonaje mwezi mwandamo ukiwa mwembamba kama uzi. Nikasema basi mwaka huu tutautafuta sisi wenyewe. Nilipompigia muuzaji alikuwa mpole kweli, "bosi wangu" huku na huku, kisha akaniuliza kama nimewahi kutumia darubini. Nikajibu sijawahi hata kuigusa. Sasa ndio naelewa kwa nini aliuliza.

Usiku wa kwanza nikaipandisha juu ya paa, nyumbani Mji wa Kale, nikaiweka kwenye meza ya plastiki. Giza tupu. Nikahangaika nusu saa, kumbe kifuniko cha mbele kina kifuniko kingine kidogo katikati, nami nimetoa hicho kidogo tu. Nilipokitoa kikubwa nikaona ukungu unaocheza. Nilikuwa nimeanza na lenzi ya jichoni ya milimita 4, ile kali inayokuza zaidi, na kwa lenzi kali meza ya plastiki ikiguswa kidogo tu nyota inaruka na kukimbia. Kilengeo cha nukta nyekundu, kile kidude cha kulengea kilichoko juu ya bomba, sikuwa nimekirekebisha, kwa hivyo nukta ilikaa juu ya mwezi na darubini yenyewe ikitazama kwengine kabisa.

Hayo yote yalikuwa makosa yangu, nakiri. Nayasema pia kwa sababu yupo mtu amenunua darubini nzuri kwa muuzaji mwaminifu na sasa anamlaani bure. Anza na lenzi yenye namba kubwa, ile ya milimita 20. Kilengeo kirekebishe mchana: mimi nilitumia mnara wa simu ng'ambo ya Nyali, nikauweka katikati ya lenzi, halafu nikazungusha skrubu za kilengeo mpaka nukta ikakaa juu ya mnara ule ule. Na meza ya plastiki achana nayo. Nilichukua kinu cha mama nikakipindua, darubini ikakaa imara kama imejengewa. Mama hakufurahi.

Sasa uone ujanja wa yule bwana. Kila nilipolalamika, jibu lilikuwa moja: "Bosi, hujaizoea." Nikimwambia picha iko kichwa chini, ananiambia ndivyo zilivyo darubini za kioo. Kweli, ndivyo zilivyo, na kwa nyota haidhuru kitu, hapo hakudanganya. Nikimwambia nyota yaonekana kama donati, duara lenye tundu jeusi katikati, ananiambia zungusha kirekebisho. Kweli tena. Lile tundu ni kivuli cha kioo kidogo kilichoko karibu na mdomo wa bomba, na ukiirekebisha vizuri nyota inarudi kuwa nukta. Mtu anayekwambia kweli mara mbili, ya tatu utamwamini bila kuuliza.

Ya tatu ilikuwa Mshtarii, ile sayari ya Jupita. Kwa lenzi ya milimita 4 niliona bonge la mwanga lililopakwa siagi. Nikamwandikia. Akanijibu kwa sauti, ujumbe ninao mpaka leo: kioo kimeshika vumbi, fungua nyuma, tia spiriti kwenye kitambaa laini, pangusa, kitang'ara. Nikafungua, nikapangusa. Mwenye kujua tayari ameshika kichwa. Kioo cha darubini si kama cha kabatini. Cha kabatini rangi yake iko nyuma, unaisugua gilasi tu. Cha darubini utando wa alumini uko mbele, wazi, mwembamba kupita kiasi, na kitambaa kikavu-kikavu kinauchora. Tena vumbi kidogo juu ya kioo halizuii chochote cha maana. Mimi nilikichora mistari kama mpini wa kisu.

Nikamrudia kumwambia hali imezidi. Akajibu kwa maandishi safari hii: "Umefungua? Basi waranti imekufa, bosi."

Soma tena hayo mawili, jinsi yalivyofuatana. Yeye ndiye aliyeniambia nifungue.

Aliyenitoa usingizini ni jirani yetu, mzee mmoja baharia mstaafu, sisi sote mtaani twamwita Ami. Alipanda juu jioni moja kutazama ni kitu gani kinachonitoa barazani. Hakuchungulia kwenye lenzi. Akaomba rula ya mtoto ya shule.

Akaiweka kwenye mdomo wa bomba. Haukufika sentimita 10. "Mwanangu," akasema, "kioo cha sentimita kumi na moja na ushei kimepitaje humu?" Akapima bomba kwa urefu: kama sentimita 30. Akanieleza kwamba kwenye darubini ya aina hii mwanga unaingia, unapiga kioo kilichobonyea chini, unarudi juu, unakutana na kioo kidogo kilicholala mshazari, ndipo unatoka ubavuni kwenye jicho lako. Mpango huo ni wa Newton, tangu mwaka 1668. Kwa hivyo bomba huwa karibu na urefu wa fokasi. Fokasi ya milimita 450 ndani ya bomba la sentimita 30 itakaa wapi?

Kisha akapitisha ukucha kwenye kibandiko kilichoandikwa 114. Kikaanza kunyanyuka pembeni. Tukakivuta taratibu kwa mvuke wa birika, na chini yake, kwa chapa ya kiwandani, pameandikwa D=76, F=300, yaani upana wa kioo 76, fokasi 300. Nilikaa kimya kitambo.

Tofauti si ndogo, msidhani ni milimita tu. Mwanga unaokusanywa unafuata eneo la kioo. 114 ni mara moja na nusu ya 76, kwa hivyo kioo nilicholipia kingekusanya mwanga mara 2.25 ya hiki. Ndio maana kubwa ya kulipa zaidi.

Na hizo "mara 500" ni upuuzi unaojulikana kote duniani. Ukuzaji unaupata kwa kugawa fokasi ya darubini kwa fokasi ya lenzi ya jichoni. Yangu ni 300. Kwa lenzi ya 20 ni mara 15, kwa ya 4 ni mara 75. Ili ifike 500 ningehitaji lenzi ya milimita 0.6, nenda katafute. Hata ukiipata, kioo kina mpaka wake: kwa kawaida huhesabiwa mara mbili kwa kila milimita ya upana, yaani 76 haivuki 150, na hivi vioo vya bei ndogo, vifupi hivi, huchoka kabla ya hapo. Kwa hivyo ukiona tangazo linaanza na "mara 500" au "mara 600" kabla ya kutaja upana wa kioo, hilo limeshajitangaza lenyewe.

Niseme ukweli wake pia: darubini ya 76 si takataka. Kwa lenzi ya 20, juu ya kinu, pamoja na michoro yangu ya spiriti, tumeziona zile nukta nne za miezi ya Mshtarii zimejipanga mstari mmoja, zile zile alizoziona Galileo Januari 1610. Kilimia, ambacho kwa macho unahesabu nyota sita, kinajaa nyota mpaka unaacha kuhesabu. Mwezi usiutazame ukiwa mpevu, unamulika tu. Utazame ukiwa nusu, pale mwanga unapokutana na giza, uone milima inavyoangusha vivuli. Angeniuzia kama 76, kwa bei ya 76, leo ningekuwa namsifu hapa.

Lakini kile kichujio, hicho simsamehe.

Ami alikiona kwenye sahani ya lenzi, kidude cheusi kama kitufe cha koti. "Hiki cha nini?" Nikamwambia cha jua, chafungwa kwenye lenzi ya jichoni, kesho nataka kumwonyesha mtoto. Akanitazama kama nimemtukana. Yeye amepima jua kwa sekstanti, kile chombo cha mabaharia cha kupimia kimo cha jua, miaka yote ya ubaharia wake, na kwenye sekstanti, alivyonieleza, vioo vyeusi hukaa mbele, jua linapunguzwa kabla halijaingia kwenye darubini. Hiki kinakaa nyuma, mahali ambapo kioo kimeshaukusanya moto wote na kuufanya nukta moja.

Asubuhi akaja na akaniamuru nimpeleke mtoto kwa bibi yake. Tukafunga kidude kile, tukaielekeza darubini juani kwa kufuata kivuli chake, bila jicho la mtu kusogea, tukasimama kando kwenye kivuli cha nguo zilizoanikwa. Hazikupita dakika nyingi. Ta! Mlio mdogo, kama punje ya bisi. Kichujio kilikuwa kimepasuka katikati, na kupitia ule ufa mwanga mweupe ukapiga ukutani, hautazamiki. Hapo ndipo lingekuwa jicho la binti yangu. Na asingelia, maana nyuma ya jicho hakuna hisia ya maumivu, panaungua kimyakimya. Msiige tulilofanya. Kama mnacho kidude hicho, kivunjeni leo. Kichujio cha kweli cha jua hufunika mdomo mzima wa darubini, mbele. Na mwezi mwandamo, kwa sababu hukaa karibu na machweo, darubini isiinuliwe mpaka jua lizame lote.

Naogopa zaidi kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 kuna kupatwa kwa jua. Litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika sita huko Luxor, Misri, na huku kwetu litaliwa sehemu. Vidude hivi vitauzwa kama njugu.

Ukinunua kwa mtu yeyote asiye na duka, mwenye bodaboda asubiri. Fungua kisanduku mbele yake, upime mdomo wa bomba na urefu wake, ukwaruze kila kibandiko. Mchana tazama kitu cha mbali, si kupitia dirishani, kwa lenzi ya namba kubwa. Usipoweza kusoma maandishi makubwa ya bango la ng'ambo, usitoe pesa. Na angalia karatasi ya maelekezo. Yangu ni fotokopi ya darubini ya aina nyingine kabisa, ya miguu mitatu, inaniambia nianze kwa kuilenga Nyota ya Kaskazini. Mombasa tuko kama digrii 4 kusini mwa ikweta. Nyota hiyo kwetu haichomozi.

Mimi kosa langu kubwa lilikuwa kutuma pesa kwa namba ya mtu binafsi kabla kisanduku hakijafunguliwa. Jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa si lile alilojiita. Ujumbe huo sijaufuta, nawe usiufute wako, ndio ushahidi. Nimeripoti polisi nikapewa namba ya OB, na sasa natayarisha madai ya Mahakama ya Madai Madogo. Hiyo inapokea kesi zisizozidi shilingi milioni moja, sheria inataka ziamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Jina lake silitaji hapa, nitalitaja huko. Mwenye kuumizwa na mtu huyo huyo aniandikie faraghani, tuunganishe ushahidi.

Alinizuia siku niliyomtumia picha ya kile kibandiko. Nikadhani ameingiwa na aibu. Jana usiku shemeji yangu wa Likoni kanitumia tangazo, ukurasa mpya, jina jipya la duka, akiniuliza kama ni kitu kizuri cha kumnunulia mtoto. Picha ni ile ile: darubini nyekundu juu ya kitambaa cha meza cha maua ya buluu, kilichochanika pembe ya kushoto. Bei imekuwa 19,000, na vichujio vya jua sasa anatoa viwili.